Mguu umegoma, picha zinasema mzima: maswali ninayoulizwa Tanga kuhusu FND

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Tanga mjini. Chumba chetu kina vitanda viwili, kioo kirefu, na ngazi tatu za mbao ambazo hazielekei popote. Watu huzipanda na kuzishuka kutwa nzima. Wengi wanaokuja wamevunjika au wamepata kiharusi. Lakini kila baada ya muda anaingia mtu mwenye bahasha kubwa ya picha, zote zimeandikwa kwamba hazina kasoro, na mwenye bahasha hawezi kusimama. Maswali ya hapa chini ni ya watu hao, ya mama zao, ya waume zao, na mara mbili ya dereva wa bajaji aliyewaleta.

FND ni nini hasa?

Ni herufi tatu ambazo daktari huandika kwenye karatasi ya rufaa, kifupi cha Kiingereza functional neurological disorder. Kwa Kiswahili mimi nauita ugonjwa wa utendaji wa mfumo wa fahamu. Ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu havijaharibika, ila mawasiliano kati yake na mwili yamevurugika.

Fikiria kundi la ngoma kwenye harusi pale Ngamiani. Ngozi zote zimewambwa vizuri, hakuna iliyopasuka, na wapigaji wote wamefika. Lakini wamepotezana: huyu kaingia mapema, yule kachelewa, wachezaji wamesimama hawajui waanzie wapi. Ukipiga picha utaziona ngoma nzima kabisa. Picha haisikii mdundo. CT skani na MRI za kawaida ni picha za ngoma. Watafiti wanaotumia MRI ya kuutazama ubongo ukiwa kazini ndio wameanza kusikia mdundo, na wameona tofauti katika sehemu zinazohusika na hisia, na katika zile zinazompa mtu uhakika kwamba "mwendo huu ni wangu, nimeutaka mwenyewe".

Dalili ni nyingi. Mkono au mguu kuishiwa nguvu, kutetemeka, kiungo kukakamaa na kujipinda, mwendo wa ajabu, ganzi ya upande mmoja, kuanguka kama mwenye kifafa, sauti kukata, macho kuona giza, kizunguzungu kisichoisha, kusahau maneno. Mara nyingi huja pamoja na uchovu mzito, maumivu na usingizi wa mang'amung'amu, na kuna wagonjwa wanaoniambia kwamba huo uchovu ndio unaowatesa kuliko mguu.

Vipimo vyangu vyote viko sawa. Mmejuaje kwamba ni FND na si kwamba hamjui tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, ingawa mwulizaji huwa amekasirika.

FND haigunduliwi kwa sababu vipimo havikuonyesha kitu. Inagunduliwa kwa alama zinazoonekana mwilini, mtu akiwa amelala kitandani mbele yako. Nitaeleza moja. Mgonjwa mguu wake wa kulia hauna nguvu. Namlaza chali, naweka kiganja changu chini ya kisigino cha kulia, namwambia: "Kandamiza mkono wangu." Hakuna kitu, kisigino kimelala kama samaki sokoni. Halafu namwambia ausahau mguu ule kabisa, ainue mguu wa kushoto huku mimi nimeuzuia kwa mkono wangu mwingine. Anainua kwa nguvu. Na papo hapo, bila yeye kujua, kisigino cha kulia kinakandamiza kiganja changu mpaka nasikia uzito.

Ndivyo mwili ulivyoumbwa: ukiinua mguu mmoja, mwingine hujikaza chini wenyewe ili usiyumbe. Kwa aliyepata kiharusi mguu ulioathirika hauna nguvu kwa njia zote mbili. Kwa mwenye FND nguvu ipo, ila haiji inapoitwa kwa amri. Daktari Mmarekani aitwaye Charles Hoover aliieleza alama hii mwaka 1908, kabla ya CT skani kuwapo duniani, na mpaka leo haihitaji umeme wala foleni. Kwa wanaotetemeka kuna nyingine: namwambia agonge meza kwa mkono mzima kwa kunifuata mimi, haraka, polepole, haraka tena. Mtetemo wa mkono wa pili unaacha mwendo wake na kuanza kufuata mdundo wa meza, au unasimama. Mtetemo wa Parkinson haufanyi hivyo.

Siku hizi alama hizi simwonyeshi daktari peke yake, namwonyesha mgonjwa. Namwambia aweke kiganja chake mwenyewe chini ya paja, asikie misuli inavyojikaza. Wengine hulia. Si kwa huzuni. Ni mara ya kwanza kwa miezi mingi mguu kumjibu.

Vipimo vya damu na picha bado vina kazi, maana mtu anaweza kuwa na FND na ugonjwa mwingine kwa pamoja. Lakini kurudia MRI ya tatu kwa sababu mbili za kwanza zilikuwa nzuri ni kumchosha mtu na mfuko wake.

Niungame jambo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia dada mmoja, "Vipimo viko sawa, huna kitu, punguza mawazo." Alinishukuru kwa adabu zote za Kitanga, akachukua bahasha yake, hakurudi. Baadaye nikasikia ndugu zake waliuza kiwanja ili wampeleke Dar es Salaam kurudia vipimo vile vile. Neno "huna kitu" lilikuwa langu.

Lakini jana alivuka barabara mbio alipopigiwa honi na bajaji. Huyu si anajifanya?

Huyu ni mume, na mara nyingi anauliza mkewe akiwa amekaa pale pale anatazama sakafu.

Shemeji, ulichokiona ni kweli, na ni ushahidi wa ugonjwa wenyewe. Mwili una njia mbili za kusogea. Moja ni ya amri: nataka, nakusudia, nasogeza. Nyingine ni ya mazoea, inayokwenda yenyewe unapokwepa bajaji, unapomdaka mtoto anayeanguka, unapojikuna usingizini. Katika FND njia ya amri ndiyo iliyoziba. Kadiri mtu anavyoukazia macho mguu na kuuamuru, ndivyo unavyozidi kugoma. Akisahau, unakwenda.

Hata mzima hupatwa na kionjo cha jambo hili. Mwambie mtu aliyehifadhi sura ndefu tangu madrasa aisome huku akihesabu herufi moja moja. Atakwama mahali ambapo hajawahi kukwama. Mwambie mama akueleze hatua kwa hatua vidole vyake vinavyosuka ukili. Vidole vitapotea njia. Kujitazama sana kunaharibu kitu kinachojua kujiendesha.

Wapo wanaojifanya magonjwa, sikatai, nao ni wachache. Mara nyingi ukiwachunguza hukwepa. Mwenye FND anaomba achunguzwe tena, anarudi, analipa nauli, na dalili zake zinafanana na za mtu wa London au wa Paris ambaye hawajawahi kuonana. Nani angewafundisha wote kukandamiza kisigino kwa namna ile ile?

Ni mashetani?

Huulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umeshafungwa. Na anayeuliza mara nyingi ameshajibiwa kwingine: kuna jini, kuna kitu kimetupwa mlangoni, kuna mke mwenza.

Sina kipimo cha shetani, kwa hiyo sibishani juu yake. Ninachokijua ni kwamba mtu huanguka, hukakamaa, hubadilika sauti, hupotewa na fahamu kwa dakika kadhaa na asikumbuke, na kwamba madaktari wameyaona haya kwa watu wa kila dini na wasio na dini. Pwani tumeyapa majina yetu, tukayatengenezea ngoma ya kupunga. Na nikisema kweli, ngoma nyingine huwasaidia baadhi ya watu kwa muda: kuna mdundo, kuna watu waliokuzunguka kwa huruma, hakuna anayekuita mwongo. Vitu hivyo vitatu natamani chumba changu kingekuwa navyo kila siku.

Ukitaka kusomewa dua, soma. Ukitaka kunywa kombe, sitakunyang'anya kikombe. Lakini kuna mipaka, na hapo sina upole: asichomwe, asipigwe, asifungwe kamba, asishindishwe njaa, asivutishwe moshi mpaka apaliwe, na asiachishwe dawa za kifafa, kisukari au presha kwa sababu ya masharti ya mtu yeyote. Mganga mmoja mzee wa huku kwetu aliwahi kutuletea msichana yeye mwenyewe, akasema, "Huyu nimemtazama, si wangu, ni wenu." Ningependa waganga wote wangekuwa na kipimo kama chake.

Ni kifafa au si kifafa?

Huenda kikawa hiki, kile, au vyote viwili. Kati ya watu wanaopata mianguko ya FND, karibu mmoja kati ya watano ana kifafa pia, ndiyo maana swali hili halifai kujibiwa haraka na jirani.

Tofauti zipo. Kifafa kikubwa kwa kawaida huisha ndani ya dakika moja hadi tatu, macho huwa wazi, mwili hukaza kisha hutingishika kwa mpigo mmoja unaopungua taratibu, na ulimi ukiumwa huumwa ubavuni. Mwanguko wa FND mara nyingi hupita dakika tano, macho huwa yamefumbwa, na ukijaribu kuyafungua hukaza zaidi. Kichwa huenda kulia na kushoto kama mtu anayekataa, mitingishiko huja, hutulia, hurudi, na mwishoni mtu hulia. Kujikojolea kunaweza kutokea kwa vyote, hakuamui kitu. Na hakuna alama moja inayotosha peke yake.

Kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni kurekodi umeme wa ubongo pamoja na video wakati mtu anaanguka. Kwa watu wa Tanga hilo mara nyingi ni safari ya Dar es Salaam, kilomita 350 hivi, na mtu anaweza kufika pale akakaa siku nzima asianguke. Kwa hiyo simu yako ni kifaa cha tiba. Rekodi tangu mwanzo mpaka mwisho, uso uonekane, saa ionekane, usimwite jina mara hamsini. Halafu onyesha daktari, si kundi la WhatsApp la ukoo.

Mtoto mdogo mwenye homa akikakamaa, achana na ukurasa huu. Hiyo ni degedege, na huku kwetu malaria ipo. Hospitali, sasa hivi.

Akianguka tufanye nini?

Mlaze ubavu, ondoa jiko la mkaa, meza na mawe, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Mmoja tu azungumze naye, kwa sauti ya kawaida: "Uko nyumbani, uko salama, itapita." Wengine watoke nje.

Msiweke kijiko mdomoni. Msimnusishe kitunguu wala kiberiti. Msimkalie miguu. Nimeona meno yaliyovunjwa na kijiko, na hakuna ugonjwa uliowahi kupona kwa kijiko.

Kama bado haijathibitishwa ni nini, na imepita dakika tano, mpelekeni hospitali. Kama imeshathibitishwa na daktari kwamba ni FND, na leo ni kama siku zote, kaeni naye mpaka ipite. Hii ni muhimu kuliko inavyosikika: mtu mwenye FND akichomwa sindano za kumlaza moja baada ya nyingine kwa kudhaniwa ni kifafa kisichokatika, anaweza kuzimwa pumzi. Ugonjwa wenyewe haukuwa na uwezo huo.

Wengi husikia dalili kabla: moyo kwenda mbio, sauti kuwa mbali, mikono kufa ganzi. Hapo kuna nafasi ya kujirudisha. Nawaambia wabebe kipande cha kamba ya katani mfukoni. Tanga haikosi mkonge. Ikija, kisugue kwa nguvu kati ya vidole, usikie ukali wake, taja vitu vitano unavyoviona na rangi zake, hesabu kutoka mia kushuka kwa saba saba. Dada mmoja wa Chumbageni anatumia kipande cha barafu ya dukani, anasema kamba inamharibu kucha.

Nimekuwa nikimeza dawa za kifafa miaka minne. Niache?

Usiache mwenyewe. Fenobabitoni na nyinginezo zikikatwa ghafla zinaweza kuleta kifafa cha kweli hata kwa asiyekuwa nacho. Rudi kwa aliyekuandikia, au omba rufaa, zipunguzwe taratibu kama itaonekana hazina kazi. Wasichana na akina mama wanaotumia valproeti wasikawie, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Daktari amesema niende kwa wa afya ya akili. Mnanipeleka Lutindi?

Kwa wasomaji wa mbali: Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili milimani kule Korogwe, ipo tangu enzi za Wajerumani, na katika mkoa wetu jina lake limegeuka tusi. Hospitali haina kosa, sisi ndio wenye midomo.

Hapana, mama, hupelekwi Lutindi. Mtaalamu wa saikolojia anakuja kwenye timu kama mimi nilivyokuja. Anakusaidia kutambua kinachotangulia mwanguko, kuvunja mzunguko wa hofu (naogopa kuanguka, mwili unasimama chonjo, naanguka, naogopa zaidi), na kulala. Ukiwa na sonona au wasiwasi mkubwa, navyo vinatibika, na vikitibiwa mguu hupata nafasi.

Shida ni namna tunavyolisema. Mtu akielezwa kwa dakika mbili, akapewa karatasi, anaelewa kwamba ameitwa mwendawazimu. Ukimwonyesha alama kwanza, halafu ukamweleza kwa nini mtu wa saikolojia anahitajika, huwa anakwenda.

Mimi sina mawazo. Nina amani, nina mume, nina duka.

Nakuamini. Wagiriki wa kale walidhani ugonjwa huu ni mji wa mimba unaotangatanga mwilini, ndiko lilikotoka neno histeria. Yaani mwanamume akipooza namna hii ilibidi waangalie pembeni. Karne ya 19 kule Paris, Jean-Martin Charcot alionyesha kwamba wanaume pia wanaupata, wakiwemo vibarua wenye misuli yao. Baadaye ikaja zamu ya kudai kwamba lazima pawe na huzuni iliyofichwa, na mgonjwa akihojiwa asiposema, anaambiwa anaficha. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliacha kulazimisha sharti hilo.

Walioumia utotoni, waliopigwa, waliofiwa, wana hatari zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kwa wengine mlango hufunguliwa na kitu cha mwili: kuteguka kifundo cha mguu, upasuaji, homa kali, kipandauso, kuanguka na pikipiki. Mguu uliuma, ubongo ukajifunza kuulinda, maumivu yakaondoka na ulinzi ukabaki. Wanawake wanaougua ni wengi kuliko wanaume. Nina kijana wa bandarini ambaye hapendi kusikia sentensi hiyo.

Humo chumbani mnafanya nini? Mnakanda?

Watu hutarajia kukandwa kwa mafuta ya nazi. Kwa FND nakanda kidogo sana, na mikono yangu hukaa mfukoni. Nikikushika sana, mwili unajifunza kwamba hauwezi bila mimi.

Kazi ni kutafuta njia ya pembeni, ile ya mazoea, na kuipanua. Anayeshindwa kupiga hatua mbele namwambia atembee kinyumenyume, au ubavu kama kaa wa Raskazone. Mara nyingi anaweza. Kisha tunageuza kidogo kidogo mpaka ubavu umekuwa mbele, naye hajagundua lini. Mwingine nampa mpira turushiane huku anatembea. Mwingine anasukuma miguu bila kuinyanyua, kama anayepiga deki kwa tambara. Muziki husaidia, taarabu ya polepole ni nzuri, singeli ilituangusha watu wawili. Kijana wa bandarini alikuwa akija na mkongojo, na siku moja nikamkuta nje amepanda baiskeli ya mlinzi anazunguka uwanja. Akashtuka kama mwizi. Nikamwambia shuka, twende ndani, tumepata pa kuanzia.

Kioo kinasaidia kwa mwingine, kwa mwingine kinaharibu kwa sababu kinamfanya ajitazame. Hakuna kanuni moja. Kwa mtetemo tunaubadilisha mdundo: fanya mtetemo uwe mkubwa zaidi, kisha polepole zaidi, kisha usimamishe. Aliyekunja ngumi isiyofunguka hufanya kazi ya kuchambua mchele.

Nyumbani ni dakika kumi, mara kadhaa kwa siku, kila siku. Siku nzuri zinadanganya: mtu anaamka na nguvu, anafua nguo za familia nzima, anabeba maji, kesho analala siku tatu. Gawa kazi wakati bado una nguvu. Na familia, tafadhali, msimuulize kila saa "mguu unaendeleaje?" Mwulizeni habari za mchezo wa jana.

Fimbo, magongo, kiti cha magurudumu?

Kama bila fimbo utaanguka barabarani, chukua fimbo. Ila iwe ya kupita, na tupange siku ya kuiacha, maana mwili huizoea upesi. Kufungwa hogo (plasta ngumu) kwa mguu wa FND uliojikunja sikushauri. Nimeona ukitoka umekaza zaidi ya ulivyoingia.

Hakuna dawa wala sindano?

Ya FND yenyewe, hapana. Sindano za vitamini B "za mishipa" hazina kazi hapa kama damu yako haina upungufu. Dawa za sonona, kipandauso au maumivu huandikwa kama unavyo hivyo.

Shuleni kwetu wasichana wanaanguka, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo FND?

Ni jamaa yake wa karibu. Na Tanzania tuna historia yake: tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Waliopatwa walifika 95 kati ya wanafunzi 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Dunia inausimulia kama mchapo. Waliouona walieleza pia vilio, hofu na kukimbia ovyo.

Mwalimu, kwanza ondoa vya mwili: chakula kibovu, moshi, dawa iliyopulizwa shambani, homa. Wote wapimwe. Kisha watenganishe walioanguka na wanaotazama, kwa sababu huenea kwa macho. Usiite kamera, usiite mkutano wa kukemea kwa vipaza sauti uwanjani. Halafu chunguza bila haraka kinachowabana: mtihani, bweni, mwalimu fulani. Mara nyingi lipo jambo ambalo wasichana wote wanalijua na hakuna aliyeruhusiwa kulisema.

Nitapona?

Wengi hupata nafuu, wengine hupona kabisa, wengine hubaki. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliwatazama wenye udhaifu na mitetemo ya FND baada ya miaka, na karibu wanne kati ya kumi walikuwa vile vile au wamezidi. Nalisema hili kwa sababu wagonjwa wameshachoka na ahadi. Lakini wengi wa watu hao hawakuwahi kupata tiba iliyolengwa. Watoto hufanya vizuri kuliko watu wazima, na anayegundulika mapema kuliko aliyezunguka miaka mitano.

Tiba nazo zina mipaka. Jaribio la Uingereza la mwaka 2020 la watu 368 wenye mianguko liliwapa baadhi tiba ya mazungumzo juu ya huduma ya kawaida. Baada ya mwaka idadi ya mianguko haikutofautiana vya kutosha kati ya makundi mawili, ila waliopewa tiba walikuwa na maisha yenye unafuu zaidi. La fiziotherapia, watu 355, mwaka 2024, lilitoa jibu la namna hiyo hiyo: kipimo kikuu hakikutofautiana, lakini waliofanya mazoezi yaliyolengwa waliosema "nimepata nafuu" walikuwa wengi zaidi. Mimi nayasoma matokeo hayo kama mtu anayesoma bei ya samaki: sipendi, lakini ndiyo bei.

Naweza kuendesha bodaboda? Kuvua? Kuolewa?

Kama bado unaanguka, bodaboda hapana, ngalawa peke yako hapana, kuogelea Raskazone bila mtu hapana, na sufuria la pilau la shughuli aachiwe mwingine. Kuolewa na kuzaa, ndiyo. Kama posa imekuja, sema mapema kwa maneno yako mwenyewe, kabla jirani hajalisema kwa maneno yake.

Nina FND tayari. Lini nisiseme "ni ile ile"?

Uso ukienda upande ghafla, maneno yakiteleza ghafla, maumivu ya kichwa yasiyo na mfano, homa na shingo kukaza, mkojo au choo kugoma kutoka pamoja na ganzi ya makalioni, jeraha la kichwa, au dalili mpya kabisa. Kuwa na FND hakukukingi na kiharusi. Nenda Bombo, au hospitali iliyo karibu nawe, na useme una FND lakini hili ni jipya.

Siku ya kwanza nije na nini?

Bahasha yako ya picha, nitaitazama, nakuahidi. Dawa zote unazomeza zikiwa kwenye pakiti zake, na za mitishamba pia, sitagomba. Video kama ipo. Mtu mmoja wa nyumbani, yule asiyekuamini hasa. Na viatu vya kufunga kamba. Ndala tunaziacha mlangoni.